Siku Dokta Mkama Alipokosolewa na Maji

Siku niliyostaafu, vijana wa maabara waliniaga kwa keki, saa ya ukutani, na hotuba zilizodumu kuliko keki. Niliitwa nguzo, nikaitwa hazina, nikaitwa maktaba, maneno ambayo kwa kawaida tunamwekea marehemu. Baadaye mmoja wao, binti mwerevu anayependa kuuliza, alinivuta pembeni. "Mama Kabula," akasema, "hiki chama cha sayansi unachotuhimiza tuingie, tutapata nini? Posho hakina, cheti hakina." Nilipofungua mdomo, mwenye muziki akafungua spika. Kwa hiyo nimemjibu kwa kuandika, hapa nyumbani Kiseke, ambako siku hizi kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kumwagilia mchicha.

Vyeo nilivyopanda sitavisimulia. Vilikuja vimechelewa, kama ilivyo desturi yao, na hakuna aliyewahi kujifunza kitu kutokana na cheo changu. Nianze na ndoo.

Nilifika kwenye maabara ya maji nikiwa binti wa Buhongwa, enzi ambazo Buhongwa ilikuwa na mihogo mingi kuliko nyumba. Nilikuwa na stashahada mpya na viatu vinavyobana. Nilitegemea kukabidhiwa darubini. Nilikabidhiwa ndoo, brashi na kreti za chupa za kioo. Aliyenikabidhi alikuwa Dokta Mkama, mkuu wa maabara, mzaliwa wa Ukerewe, mtu mrefu aliyekuwa mkimya kabla ya chai na msemaji baada yake. Nilisugua chupa hadi vidole vikakunjamana.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Ndiyo, Dokta."

"Umejuaje kwamba ni safi?"

"Nimeziangalia. Zinang'aa."

"Macho yako nayaheshimu, binti, lakini hayaoni chumvi. Chukua moja, jaza maji safi ya maabara, uipime kama vile imetoka ziwani. Ikikuonyesha kitu, kitu hicho ni chako, si cha ziwa."

Niliipima. Ilionyesha kitu. Nikarudi kwenye ndoo. Kila kijana aliyepita mikononi mwangu nimemwanzishia hapo hapo, na najua mlikuwa mnanisema.

Mambo mengine alinifundisha tukiwa ndani ya boti. Kulikuwa na chupa ya kina, ambayo ni bomba lenye mifuniko miwili linaloshushwa kwa kamba likiwa wazi. Likifika unapotaka, unaachia kichuma kidogo kinachoteleza kwenye kamba hadi chini, kinagonga, mifuniko inajifunga, nawe unapandisha maji ya kina hicho na si mengine. Kichuma kikigonga, unakisikia kwenye kiganja kabla ya kukisikia masikioni. Kulikuwa pia na kipimo cha oksijeni cha kizamani, ambacho mashine zenu mpya zimekistaafisha kabla yangu. Unatia kemikali mbili kwenye chupa ya maji na kuifunga bila kuacha hata kiputo. Kama maji yana oksijeni, yanageuka rangi ya kahawia kama uji wa ulezi. Kama hayana, yanabaki meupe kama maji ya kuoshea mchele. Ndipo unapoendelea na hesabu, lakini rangi imekwisha kukuambia habari. Samaki anaishi kwenye ulezi. Kwenye mchele anakufa.

Nilikuwa bado mgeni Dokta aliponiambia, "Jumamosi usifue. Njoo Mirongo."

Huko Mirongo, katika darasa la sekondari moja, ndiko chama chetu kilikokutana mara moja kwa mwezi. Kilikuwa na wataalamu wa samaki, walimu wa fizikia na kemia, daktari wa mifugo, watu wa hali ya hewa, na wafamasia wachache. Tulikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigonga mbao. Kulikuwa na chai ya rangi na mandazi, na kila mwezi mandazi yalijadiliwa kwa ukali uleule tuliotumia kwa sayansi. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mtu anasimama, anaeleza alichokiona na namna alivyokiona, kisha anabaki pale mbele wengine wakimuuliza. Haruhusiwi kujibu kwa cheo. Siku yangu ya kwanza nilimwona profesa mzima akiulizwa na mwalimu wa kidato cha pili, "Ulirudia mara ngapi?" Nikatazama chini, nikidhani kutatokea ugomvi. Profesa akakuna kichwa, akasema, "Haikutosha. Nitarudia." Mkutano ukaendelea.

Nikiwa njiani kurudi nilimwambia Dokta kwamba kwetu mtu mzima haulizwi vile.

"Hata kwa Wazungu, zamani hakuulizwa," akasema. Akanisimulia habari ambayo baadaye niliisoma mwenyewe. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, Ulaya, jambo lilikuwa kweli kwa sababu limeandikwa na mkubwa wa zamani. Kisha wachache wakaanza kukutana, wakakubaliana kwamba hawatachukua neno la mtu yeyote, hata awe nani. Anayedai kitu akifanye mbele yao wakione. Aliye mbali aandike barua, isomwe kikaoni, ichapishwe, na wengine wajaribu makwao. Huko Uholanzi mfanyabiashara wa vitambaa, mtu asiye na digrii, alisaga vioo vyake mwenyewe akaona vijidudu hai ndani ya maji. Aliandika. Wale waliokutana hawakumkubalia, wala hawakumcheka. Walimwambia mwenzao mmoja ajaribu, na alipojaribu na kushindwa, akajaribu tena, hadi siku alipowaonyesha wote vijidudu vikiogelea.

"Ona sasa," Dokta akasema, "bila kikao kile, yule mzee angekufa na vioo vyake, tukasema alikuwa na wazimu. Mtu mmoja anaweza kuona. Lakini kujua, Kabula, kunataka watu wengi."

Nikamuuliza kama wanawake walikuwemo. Hakunificha. "Waliwafungia mlango kwa karibu karne tatu. Sisi weusi hawakutufikiria kabisa. Kanuni yao ilikuwa nzuri kuliko wao wenyewe. Ndiyo maana tumeichukua kanuni."

Miaka ikapita kwa kazi ya kawaida. Nilisoma taarifa yangu ya kwanza mbele ya chama, kuhusu maji ya visima, nikaulizwa hadi nikatamani kukumbatia ubao. Nilipomaliza, waliouliza kwa ukali ndio walioniletea chai. Dokta Mkama akawa mwenyekiti. Kisha akaja Wankyo.

Wankyo alitoka upande wa Mara, binti wa wavuvi, na alikuwa amemaliza masomo ya juu ya mambo ya maziwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka na chochote isipokuwa kutembea. Dokta alimpenda mara moja, akampa meza karibu na dirisha.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo ufugaji wa samaki kwenye vizimba ulikuwa unaanza kuenea ziwani kwetu. Katika ghuba moja ng'ambo, ambayo sitaitaja kwa sababu waliogombana siku hizi wanaazimana mitumbwi, alikuwepo mtu anayeitwa Sospeter. Alikuwa ameacha ualimu, akaunda vizimba vya nyavu akafuga sato. Wengine kijijini walimsifu. Wengine walisema ziwa ni la Mungu, haliwekewi uzio.

Msimu wa upepo wa kusi, baada ya siku za mawimbi makali, ghuba ile iliamka imejaa samaki waliokufa. Sangara wakubwa, sato, furu, wote walielea matumbo juu, na harufu ilifika hadi barabarani. Sato wa Sospeter walikufa pia, lakini hilo halikumsaidia. Watu walisema ni dawa anazotia kwenye vyakula, zimemrudia mwenyewe. Mtu akakata kamba za kizimba kimoja. Mke wa Sospeter akawachukua watoto akaenda kwa ndugu zake. Kikao cha kijiji kikampa muda mfupi wa kuondoa vizimba vyake, na baadhi walikuwa wanasema wazi kwamba akikaidi, yeye mwenyewe ataondolewa.

Redio moja ya hapa mjini ikampigia Dokta Mkama. Alikuwa ameona picha: maji ya kijani yaliyoshiba mwani. Akasema kwamba kwa maoni yake mwani umezidi, unapooza unamaliza oksijeni, samaki wanakosa pumzi. Mtangazaji akamuuliza mwani hustawishwa na nini. Dokta akajibu kwa ukweli kwamba mabaki ya chakula cha samaki ni moja ya sababu. Hakumtaja Sospeter. Hakuhitaji. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kinasema, "Hata Dokta amethibitisha."

Sospeter alikuja maabara asubuhi iliyofuata. Alikuwa hajanyoa, shati lake lina harufu ya ghuba ile.

"Dokta, shikamoo."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ulikuja kwangu ukapima?"

Nilikuwa kwenye sinki, nikafunga bomba.

"Sikuja," Dokta akasema.

"Basi." Sospeter akageuka aondoke. Dokta akamshika mkono, akamkalisha, akaniomba nilete chai. Nilipoileta, Dokta alikuwa tayari ameshika simu, anawaita wanachama kwa kikao cha dharura.

Kikao kile hakikuwa shwari. Wapo waliosema hiyo ni kazi ya serikali. Wapo waliosema mwenyekiti ameshasema, tukipima tukapata kingine tutamwaibisha. Wankyo akanyoosha mkono.

"Mimi simkubalii mwenyekiti kuhusu mwani," akasema kwa sauti yake ileile ya chini. "Kule kwenye kina ziwa lina maji baridi yasiyo na oksijeni. Upepo ukivuma sana unaweza kuyasukuma hadi kwenye ghuba. Nadhani samaki wamekutana na maji hayo. Naweza kuwa nimekosea."

Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Tutatofautishaje, hoja yako na yangu?" akamuuliza.

"Ukiwa wewe ndiye uliye sahihi, hali itakuwa mbaya zaidi karibu na vizimba, kwenye mwani mwingi, na maji yatakuwa ya vuguvugu. Nikiwa mimi, itakuwa mbaya zaidi kadiri tunavyokwenda kwenye mdomo wa ghuba, na maji ya chini yatakuwa baridi."

"Vizuri. Iandikwe hivyo kabla hatujaondoka, asije mtu akabadilisha maneno. Na tusipime peke yetu. Wanakijiji wachague wapi tuchote."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa ajili ya Dokta. Asubuhi, tukifunga chupa kwenye kreti, nilimwambia Wankyo, "Mdogo wangu, ukishinda, mzee atasemaje?"

"Dada Kabula," akasema, "mimi nakwenda kupima maji. Dokta atajipima mwenyewe."

Tulipofika mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, watu walikuwa wamekusanyika kama msibani. Kiongozi wa kamati ya mwalo alikuwa Mzee Bwire, mvuvi mwenye mabega mapana na hasira iliyokwisha kupoa ikagandia. Dokta alimweleza kila kitu: anachoamini yeye, anachoamini Wankyo, na alama zitakazowatofautisha. Mzee Bwire akamtazama Wankyo, kisha akamtazama Dokta.

"Yaani huyu binti anabishana na wewe, na umekuja naye kwenye boti moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi huku tungekuwa tumeshashikana mashati."

"Hata sisi tunatamani," Dokta akasema, na kwa mara ya kwanza watu wakacheka kidogo.

Mzee Bwire akapanda botini na wanawake wawili wauza samaki. Sospeter akapanda pia, akakaa mbele kabisa, hakuna aliyemsogelea. Tulianzia karibu na vizimba vyake. Mzee Bwire mwenyewe ndiye aliyeshusha chupa ya kina. Nilimwekea kichuma kwenye kamba, akakiachia, na nikaona uso wake kilipogonga. "Imeuma," akasema, kama mtu aliyenasa samaki. Tukasoma joto, nikatia kemikali mbele yao. Maji ya juu yaligeuka ulezi. Maji ya chini yaligeuka rangi hafifu, wala si ulezi wala si mchele.

"Mnaona?" mwanamke mmoja akasema, akimtazama Sospeter. Tukasogea.

Kila tulipokwenda mbali na vizimba, maji ya chini yalizidi kuwa baridi. Mzee Bwire aliacha kusubiri tumsomee, akawa anatia mkono mwenyewe kwenye maji yanayopanda. Kwenye mdomo wa ghuba, mahali ambapo chakula cha Sospeter kisingeweza kufika hata kwa miujiza, alipandisha chupa akauondoa mkono haraka.

"Hii imetoka wapi? Ni kama ya kisimani."

Maji yalinuka mayai viza. Nikatia kemikali, nikafunga, nikatikisa, nikainua chupa juu mbele ya jua ili wote waone. Ilikuwa nyeupe kabisa, kama maji ya kuoshea mchele.

Sospeter alifunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanatikisika. Mzee Bwire akamwangalia kwa muda, akasogea mbele ya boti, akaketi karibu naye.

Mimi nilikuwa namtazama Dokta. Alichukua ile chupa mkononi mwangu, akaizungusha, akaisogeza machoni. Kisha akamgeukia Wankyo. "Mwani hauwezi kupoza maji," akasema.

"Hauwezi, Dokta."

"Rudia. Chota tena hapa, tuwe na uhakika."

Tulichota tena, na tena. Ilikuwa nyeupe kila mara.

Tuliporudi mwaloni, watu wakiwa wamesimama kati ya dagaa walioanikwa, Dokta Mkama alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikuwa mtu anayesikilizwa na mawaziri. Angeweza kusema sayansi imeendelea, au hali ni tata. Wakubwa wana namna nyingi za kusema hivyo. Yeye alisema, "Mimi nilisema redioni kwamba ni mwani. Nilikosea. Nilisema kabla ya kupima. Aliyekuwa sahihi ni binti huyu, na ushahidi mmeuona nyinyi wenyewe, mmeushika kwa mikono. Samaki wameuawa na maji ya kina yaliyopandishwa na upepo. Bwana Sospeter hakuwaua. Kama kuna aliyemwumiza kwa sababu ya maneno yangu, deni hilo ni langu pia."

Akaongeza, kwa kuwa Wankyo alimnong'oneza, kwamba chakula cha vizimba bado kinahitaji kuangaliwa, na chama kitarudi kukipima, ila hilo ni jambo jingine na lisichanganywe na hili. Kisha akashuka, akamwendea Sospeter, akamwomba radhi kwa mikono miwili, mbele ya watu. Kesho yake alikwenda redioni bila kuitwa, akarudia maneno yaleyale.

Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili. Akili si haba katika nchi hii. Lakini mtu anayeweza kusema "nilikosea" huku watu wakimtazama, na siku inayofuata akaja kazini saa ileile akiwa na furaha ileile, huyo ni adimu, na mimi nilipata bahati ya kuoshea chupa zake. Nilimuuliza baadaye kama haikumuuma. "Iliuma sana," akasema. "Ndiyo maana tuna chama. Peke yangu nisingethubutu."

Mke wa Sospeter alirudi na watoto. Vizimba vilisogezwa mahali palipopimwa kwanza. Mzee Bwire alijiunga na chama, na kwa miaka mingi alikuwa anatupigia simu kila upepo wa kusi unapozidi, kutuambia maji yamepoa. Wankyo aliandika utafiti wake, ukachapishwa, na jina la Dokta halikuwemo kwa sababu alikataa liwekwe. Dokta alipostaafu, wanachama walimchagua Wankyo kushika kiti chake.

Mwaka ambao Dokta aliugua, mimi na Wankyo tulimtembelea hospitalini. Alikuwa amekonda hadi shuka lilionekana zito. Tulimletea uji na maswali ya kikao cha mwezi. Wankyo alimweleza kwamba tumeona magugu maji yanapungua katika ghuba nyingine na hatujui sababu. Macho yake yakawaka.

"Ni mbawakawa wanaoyala," akasema. "Wamezaana. Nendeni mkapime."

"Nadhani ni mawimbi, Dokta," Wankyo akasema.

"Mbawakawa," akasisitiza, akicheka na kukohoa. "Tutaona."

Hakuona. Tulimzika Ukerewe, na wavuvi walikuwa wengi kuliko wasomi. Mwezi uliofuata Wankyo alisimama mbele ya madawati yale ya Mirongo kusoma matokeo. Alianza vizuri, akafika mahali pa hitimisho, akashindwa. Akanipa karatasi nimalizie. Nikasoma kwamba tulikagua majani kila tulipoweza, tukarudia, na kwamba magugu yalivunjwa na mawimbi. Mbawakawa walikuwa wachache mno. Hoja ya marehemu mwenyekiti, nikasoma, haikuthibitika.

Kisha Mzee Bwire, kwenye dawati la nyuma, akaanza kupiga makofi. Darasa zima likasimama, tukampigia makofi Dokta wetu, huku tukilia, kwa kukosea vizuri mara ya mwisho.